Hisa Zilizohama Boma

Nilijua.

Hili sijamwambia mtu yeyote. Jana, kabla wamama wa chama hawajaketi sebuleni kwetu, kabla sijateleka hata maji ya chai, nilikuwa najua tayari kwamba nilichowaambia mwezi uliopita hakikuwa kweli. Wakaniuliza mbele ya Mama kama bado nina uhakika.

Nikasema ndiyo.

Leo ni Jumapili jioni, mwezi wa saba, Kitengela. Jua halijatoka tangu asubuhi. Upepo unachezea bati lililolegea kwa jirani, na kila likigonga ninashtuka kama mtu aliyeitwa jina. Nimevaa sweta mbili na bado vidole ni baridi. Nitaandika polepole, maana nikiandika haraka nitaanza kujitetea.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana. Tangu hapo niko nyumbani nikingoja kuitwa chuo. Ninafua, ninapika, ninafungua geti. Wenzangu wanafuatilia wasanii kwenye simu, nani ameachana na nani. Mimi ninafuatilia mifuko ya pensheni.

Najua inachekesha. Mwalimu wetu wa biashara alitufundisha kuhusu soko la hisa kwa vipindi vichache tu, halafu tukaendelea na mambo mengine, lakini mimi sikuendelea. Nilipenda kwamba kampuni kubwa inaweza kumilikiwa kidogo kidogo na watu wasiojuana. Nilipotoka shule nikachagua kampuni moja, ile inayotengeneza mabati. Sitaitaja. Kila mwezi kampuni hiyo huweka kwenye tovuti yake majina ya wenye hisa kumi wakubwa, na kila mmoja ana hisa ngapi.

Hao wakubwa si watu kama mimi na wewe. Ni mifuko ya pensheni, kampuni za bima, benki. Nilisoma kwamba wana wataalamu wanaolipwa kukaa na vitabu vya kampuni kutwa nzima, kwa hivyo wakianza kununua kimyakimya, kuna kitu wameona. Wakianza kuuza, pia kuna kitu wameona. Basi kila mwezi nilikuwa napiga picha ya ukurasa ule kwa simu, ninauweka kando ya ule wa mwezi uliotangulia, ninaangalia nani amepanda na nani ameshuka. Ilinipa raha ambayo siwezi kuieleza. Nilikuwa ninajua kitu ambacho mtaani kwetu hakuna mtu alikuwa anakijua, na sikuhitaji kuongea na mtu ili kukijua.

Mimi siongei. Hilo nilipaswa kusema mapema. Kanisani wananiita "yule wako wa kimya" wakizungumza na Mama, nikiwa nimesimama palepale.

Mwezi wa tano nikaona jina geni, nafasi ya tatu. Hata halikuwa jina hasa, lilikuwa la benki, likifuatiwa na namba ndefu. Akaunti za namna hiyo ni benki inamshikia mtu mwingine hisa, na huyo mtu hatajwi. Na ile akaunti iliyokuwa nafasi ya tatu mwezi wa nne, ya benki nyingine na namba nyingine, ilikuwa imetoweka. Nikajieleza mwenyewe hadithi yote bila kuulizwa. Mmoja amechoka akauza. Mwingine, mjanja zaidi, ameona kitu akanunua zote kwa mkupuo. Nikaenda mbio kumwambia Mama jikoni.

Mama hajui hisa. Ni karani kwenye shule ya msingi huku, na Baba yuko kazini Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Lakini aliponiona ninaongea bila kupumua, aliacha kukata sukuma wiki. Akasema, "Hayo mambo uwaambie wamama."

Chama chao kilikuwa kimeweka akiba kwa muda mrefu. Nusu walitaka kununua hema na viti vya kukodisha kwenye harusi na matanga. Nusu, wakiongozwa na Auntie Rose ambaye ndiye mwenyekiti, walikuwa wamechoka kusikia habari ya hema. Mkutano wa mwezi wa sita ulikuwa kwake. Nilienda kubeba chapati za Mama. Katikati ya ubishi Mama akasema, "Huyu wangu anafuatilia soko la hisa. Nekesa, hebu waambie."

Nilisimama na sahani mkononi, nikaongea. Sijui niliongea muda gani. Niliwaambia kuhusu kampuni ya mabati, kuhusu wakubwa, kuhusu akaunti ile mpya. Nikasema, "Mkubwa mpya ameingia." Wamama wote walikuwa wamenyamaza. Sijawahi kunyamaziwa na watu maishani mwangu. Huwa mimi ndiye ninayenyamaza.

Nilipomaliza, Auntie Rose akapiga meza. "Kumbe hii kitu huongea!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka.

Sasa nimwongelee Mama Naserian, kwa sababu bila yeye hii ingekuwa aibu ya kawaida tu.

Mama Naserian ni jirani yetu, ndiye hutuletea maziwa. Akifika getini hunisalimu kwa Kimaasai, "Takwenya," na mimi humjibu "Iko," na kwa siku nyingi hayo ndiyo maneno pekee ninayosema kwa mtu asiye wa nyumbani. Hajawahi kunilazimisha kuongeza. Ng'ombe anaokamua ni wachache, anao hapa nyuma ya ploti. Wale wengine walikuwa kwa kaka yake, huko Kimuka, lakini ukame uliwamaliza. Alibaki ng'ombe mmoja, akazaa, na huyo ndama sasa ni mtamba. Ndiye anayesubiriwa azae ili boma lirudi kuwa boma.

Siku ile kwa Auntie Rose, Mama Naserian alikuwa ameketi kimya kama mimi. Watu walipoanza kuvaa viatu akanivuta kando. "Hao wakubwa wamenunua kweli?"

"Wamenunua."

"Wewe umeona kwa macho?"

"Nimeona."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Basi niko na mtamba wa kuuza."

Mama alipomsikia alishtuka kuliko mimi. Kwa kina Mama Naserian watu huuza dume. Dume akifika umri anaenda sokoni, hiyo ndiyo kazi yake. Mtamba hauzwi. Mtamba ni ng'ombe wote ambao bado hawajazaliwa. Mama akamwambia, "Mama Naserian, si ungoje kidogo?" Naye akajibu, "Nimengoja mvua miaka yangu yote. Hebu nijaribu kitu ambacho hakili nyasi."

Tulicheka tena. Ningependa kukumbuka kwamba mimi sikucheka, lakini nilicheka.

Ikakubaliwa kwamba uamuzi wa mwisho ungefanywa mkutano wa mwezi huu, hapa kwetu. Alhamisi nikaamua kujiandaa. Nilitaka niwe na la kuonyesha, niwawekee orodha ya mwezi wa nne na ya mwezi wa tano kando kwa kando wazione wenyewe. Nikazifungua kwenye simu. Na kwa mara ya kwanza sikuangalia majina. Niliangalia idadi ya hisa.

Idadi ya yule aliyetoweka na idadi ya yule mgeni zilikuwa sawa. Si kukaribiana. Sawa hadi tarakimu ya mwisho.

Nilijaribu kujiambia kwamba mtu anaweza kununua zote bila kuacha hata moja. Nikasoma ripoti ya mwaka ya kampuni, nikaona kwamba mmoja wa wenye hisa wakubwa ni mfuko fulani wa pensheni. Nikaenda kwenye tovuti ya mfuko huo. Chini kabisa, katika taarifa kwa wanachama wao, wameandika kwamba wamehamisha utunzaji wa hisa zao kutoka benki moja kwenda nyingine. Benki zote mbili zimetajwa. Ndizo zilezile.

Hakuna mkubwa mpya. Hakuna aliyenunua. Mwenye hisa ni yuleyule, amebadilisha tu mahali pa kuziweka.

Nikarudi kwenye orodha, safari hii nikaangalia majina mengine, yale ambayo sikuwa nimeyajali kwa sababu hayakuwa mapya. Kampuni mbili za bima zimekuwa zikipunguza hisa zao kila mwezi tangu nianze kufuatilia. Kidogo kidogo, bila kelele. Kwa hiyo wakubwa walikuwa wanatoka mbele ya macho yangu, na mimi nikawaambia wamama kwamba wanaingia.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kumwambia Mama. Ijumaa nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jana wakaja. Nilikuwa nimepanga kumvuta Auntie Rose kabla ya mkutano, lakini alifika akinishika mashavu na kuuliza, "Broka wangu yuko wapi?" na maneno yakarudi tumboni. Nikajificha kwenye chai. Nilikuwa nikizunguka na birika nikijiambia, nikishamaliza kumimina nitasema. Nikamimina hata kwa aliyekuwa hataki.

Halafu, wakiwa wanangoja waliochelewa, wakaanza hadithi za ukame. Mama Naserian akasimulia jinsi kaka yake wa Kimuka, kabla mambo hayajaharibika kabisa, alivyohamisha baadhi ya ng'ombe kwenda kwa binamu yao karibu na Entarara, ambako kulikuwa na majani bado. Binamu huyo alikuwa mtu wa kawaida, hana mbele wala nyuma. Ghafla boma lake likajaa.

"Watu wakapita barabarani wakaona ng'ombe," alisema. "Wee! Jumapili mchungaji akamweka kiti cha mbele. Wiki hiyo hiyo kamati ya harambee ikaja: mheshimiwa, tunakutegemea. Mheshimiwa! Na yeye hata kwato moja si yake."

Wamama waliinama kwa kucheka. Auntie Rose alikuwa akifuta machozi kwa kanga. "Na alifanyaje?"

"Alifanyaje? Alikalia hicho kiti mpaka mvua iliponyesha."

Nilisimama mlangoni na birika. Mama Naserian alikuwa ameeleza kila kitu. Ng'ombe walewale, boma jingine, na wapita njia wakahesabu utajiri ambao haukuwepo. Mimi ndiye mpita njia. Ningesema tu, "Mama Naserian, hata zile hisa ni hivyo," na wote wangeelewa papo hapo, hata wale ambao hawakuwahi kuelewa hisa ni nini. Sidhani kama nitawahi kupewa tena mlango ulio wazi namna ile.

Nikaenda kuongeza maji jikoni.

Niliporudi, Auntie Rose alikuwa ameketi wima, akatumia sauti yake ya mwenyekiti. "Sasa Nekesa. Ile maneno ya mwezi uliopita. Bado unaona vile?"

Mama alikuwa ananiangalia. Alikuwa amevaa rinda lake la bluu, la sherehe. Alilivaa kwa ajili yangu, naamini.

"Ndiyo," nikasema.

Nimejiuliza tangu jana kwa nini. Ningependa kusema niliogopa. Watu huwasamehe waoga, hasa wasichana. Lakini nikiwa mkweli hapa mtandaoni, ambapo hakuna anayenijua, si woga. Nilitaka kubaki yule wa mwezi uliopita. Nilijua kwamba nikisema "nilikosea" nitarudi kuwa yule wa kubeba chapati. Nilikaa kwenye kiti cha binamu wa Entarara, nikijua kabisa ng'ombe si wangu.

Wakapiga makofi. Hema zikafa. Pesa za chama zitaingia kwenye hisa wiki ijayo, hilo bado lina nafasi ya kurekebishwa. Lakini Mama Naserian hakungoja wiki ijayo. Alisimama, akajifunga shuka, akasema anaelekea Kimuka kwa kaka yake, na Jumatatu asubuhi gari litampeleka mtamba soko la Kiserian. Aliponipita akaniwekea kiganja kichwani. "Ashe oleng, nakerai," akasema. Asante sana, mtoto.

Niliosha vikombe vyote peke yangu. Nilimkatalia Mama asinisaidie.

Leo kanisani Mama alinitembeza kama cheti. Mtu mmoja akasema, "Kumbe yule wa kimya ndiye mwenye akili!" Mama akajibu, "Alikuwa anaweka akiba ya maneno." Baada ya ibada aliingia dukani akaninunulia bando la wiki nzima, kutoka kwa pesa yake ya sabuni, ili niendelee kufuatilia. Akanipa kile kikaratasi huku akitabasamu kwa aibu kidogo, kama mtu anayempa mwenzake zawadi isiyotosha.

Ni bando hilo ninalotumia kuandika haya.

Mchana nilimpigia Mama Naserian. Nilizunguka nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, nikapiga kabla sijapata muda wa kufikiri. Akapokea. Upepo wa Kimuka ulikuwa unavuma ndani ya simu, na nyuma yake nilisikia ng'ombe.

"Nekesa! Unasikia huyo? Ananiongelesha. Amenenepa, ungemwona. Kaka yangu amekasirika, ati nimelogwa na mtoto wa shule." Akacheka. "Nimemwambia huyo mtoto haongei ovyo. Akiongea, ujue ameona."

Nikashika bomba la tangi, nikalifungua na kulifunga.

"Nekesa? Uko?"

"Niko. Nilitaka tu kukusalimia."

"Haya. Nimesalimiwa."

Nimewahi kuona aibu mara nyingi. Ya kusahau shairi mbele ya shule nzima. Ya kuita mwalimu "mama." Hizo zilikuwa aibu za usoni, zinawaka kisha zinapoa. Hii haiwaki. Imekaa tu, nzito, kama nguo iliyolowa niliyolala nayo. Kwa sababu anaamini ukimya wangu. Watu wote wanadhani nikinyamaza ninafikiri, na nikisema nimehakikisha. Na mimi nimeuza hicho kitu, nikamwacha yeye auze mtamba.

Nilirudi ndani nikaanza kuandika ukurasa huu. Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kusema kesho nitaamka mapema nimwambie. Nikaandika sentensi hiyo. Nikaisoma. Nikajua kwamba kesho asubuhi nitapata mapazia mengine ya kufua, na gari litakuwa limeshaondoka.

Nimeifuta.

Badala yake nikachukua simu nikaandika: "Mama Naserian, usimuuze mtamba. Wakubwa hawakununua. Ni kama ng'ombe wa Entarara, walihama boma tu, mwenyewe ni yuleyule. Wengine wanauza. Nilijua tangu Alhamisi na sikusema. Nisamehe." Lile neno Alhamisi nilitaka kulitoa. Ningeweza kumwambia nimegundua leo. Angeniamini, na ningebaki mtoto mzuri aliyekosea kidogo. Kidole kilikaa juu ya neno hilo muda mrefu.

Nimeliacha, na ujumbe nimeutuma.

Nimeketi hapa nikiangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Nje kumeanza kuwa giza, lile bati bado linagonga. Nilidhani angepiga simu na kunigombeza, na kusema kweli nilitamani anigombeze.

Jibu limeingia sasa hivi. Hakuuliza kuhusu hisa. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Ameandika, "Nimewaambia gari lisije." Halafu, chini yake, ujumbe mwingine: "Mama yako anajua?"

Hajui.

Nasikia sufuria jikoni. Anaimba ule wimbo wa leo wa kanisani, anaruka maneno asiyoyajua. Leo tena amevaa rinda la bluu. Sijui nitaanzaje. Labda nitaanza na ng'ombe. Labda nitasema tu ile sentensi ambayo ilinishinda jana, nilikosea na nilijua, kisha nisubiri uso wake ubadilike. Baada yake kuna Auntie Rose, na wamama wote wale, na Jumapili ijayo kanisani. Lakini wa kwanza ni yeye, na lazima asikie kutoka mdomoni mwangu, si kwa jirani, si kwa mtu aliyesoma mahali.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, sijui u nani. Naamini hunijui. Lakini Kitengela ni ndogo kuliko inavyoonekana, na kama umetambua rinda, au maziwa, au hadithi ya Entarara, nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Usimtumie ukurasa huu, usimuulize getini, usimwangalie kwa huruma.

Ameniita nikasonge ugali. Ninaenda. Mpaka nitoke jikoni, tafadhali, hii ibaki siri yetu.